Nani Atamtukana Mzee Komba?

1

Pacha aliponijibu, nilimwaga uji wote juu ya meza, na sikuona haja ya kuufuta.

"Profesa!" nilipiga kelele. "Njoo uone! Limezibika! Pengo limezibika!"

Profesa Kaijage, mkuu wa maabara yetu, alitoka ofisini kwake akiwa ameshika miwani mkononi. Ni mtu mrefu, mpole, asiyekimbia hata jengo likiungua. Alisimama nyuma ya kiti changu akatazama mistari miwili kwenye skrini: mwekundu wa mtaa wa Mawela na wa buluu wa mtaa wa Lukulu. Kwa miaka yote tuliyokuwa tukiichora, mistari hiyo ilikuwa ikiachana. Sasa ilikuwa imelala pamoja.

"Umebadilisha nini, Nakiete?"

"Kitu kimoja tu. Wageni."

Alivaa miwani. Kwa Profesa Kaijage, hiyo ni sawa na kuruka juu.

Mji wetu wa Mtolela ulijengwa kwa ajili ya mashamba ya upepo, na mitaa yake miwili inatazamana, barabara moja katikati. Watu wa pande zote mbili walitoka vijiji vilevile. Wanafanya kazi kwenye mitambo ileile, wanakunywa maji ya bomba moja, wananunua chumvi soko moja. Lakini wa Mawela walikuwa wanaanguka kwa kiharusi mara mbili ya wa Lukulu. Madaktari walipima damu, wakapima vinasaba, wakapima hadi mboga, wote wakarudi mikono mitupu. Ndipo wakakumbuka kwamba duniani kuna watu wa sayansi ya jamii. Wakatupa chumba kisicho na dirisha, na Pacha.

Ndani ya Pacha kila mkazi wa Mtolela ana kivuli kisicho na jina. Kinaamka, kinakula, kinakwenda kazini, kinaumwa. Vivuli hivyo hulishwa na vikuku tunavyovaa mkononi, vinavyopima mapigo ya moyo, presha na homoni za wasiwasi, na vinavyojua kikuku kipi kiko karibu na kipi. Uzuri wake ni kwamba unaweza kuchukua tabia moja ya mtaa huu ukaihamishia ule, ukaacha mengine yote yalivyo, kisha ukaendesha miaka kumi ndani ya dakika moja. Nilikuwa nimeshahamisha chumvi. Nikahamisha mishahara, usingizi, sala, pombe na ndoa. Pengo likawa linanitazama tu. Asubuhi ile, kwa hasira zaidi kuliko kwa akili, nilihamisha wageni wasiobisha hodi.

"Lukulu wanao wengi," nilimwambia Profesa, maneno yakinitoka bila kupumua. "Wanaingia bila kualikwa. Wakiingia, moyo wa mwenyeji unapanda vibaya sana. Halafu unashuka, na unabaki chini siku kadhaa! Na tazama hapa, mgonjwa akienda zahanati mapema, mara nyingi ameongozana na mmoja wao. Mawela walikuwa nao, wakapotea."

"Ni akina nani hao?"

"Pacha hajui. Anaona nani kaenda kwa nani. Hasikii wanachosema."

Profesa aliutazama uji uliokuwa unatiririka kuelekea kwenye nyaya. "Basi futa huo uji," akasema, "uende ukasikilize."

2

Nilikaa kwenye benchi la fundi cherehani mmoja wa Lukulu, kwenye kona ambako Pacha alionyesha wageni wa namna hiyo ni wengi kuliko popote. Nilikuwa na hamu ya mtoto anayesubiri sikukuu. Jua lilikuwa halijapanda sana alipotokea mwanamke mnene kiasi, amevaa ovaroli ya wahandisi wa mitambo ya upepo, kofia ngumu kwapani. Alipita mbele yangu, akasukuma geti la nyumba ya jirani kwa kiwiko, akaingia bila hodi wala salamu.

"Wewe Mngoni!" sauti yake ilisikika hadi kwa fundi. "Bado hujafa tu? Na sanda nimeshakushonea!"

Niliruka. Nilidhani naingilia ugomvi. Nilipofika uani nilimkuta mwanamume mzima amekumbatia bakuli lake la supu, analikinga kwa mwili, huku anacheka hadi machozi.

"Jamani, mnishuhudie! Mhehe kaja kuniibia mchana!"

Mwanamke alimpokonya kijiko, akaonja, akatema pembeni. "Chumvi yote hii unajikausha mwenyewe, tusipate tabu ya kukuhifadhi?" Supu ikaenda kwa kuku. "Simama. Tangu juzi nakuona unashuka ngazi za mtambo umeshika kichwa. Twende zahanati."

"Mimi sina kitu."

"Nimekuuliza? Vaa viatu, sura mbaya wewe."

Alivaa viatu! Mwanamume yule, ambaye baadaye niliambiwa alikataa kumsikiliza mke wake, mwanawe na daktari wa kiwandani, alivaa viatu akatoka, akilalamika njia nzima kwa furaha.

Niliwafuata, nikamsubiri mwanamke yule nje ya zahanati. Aliitwa Otilia Kihwele, mhandisi mkuu wa mitambo ya kusini. Nilimsalimia, nikajitambulisha, nikamuuliza yule bwana ni nani wake.

"Mtani wangu," alinijibu, akinishangaa. "Wahehe na Wangoni walipigana sana enzi za mababu. Walipochoka kuuana wakabaki kutukanana. Kwenu hakuna?"

Utani kwetu upo. Mimi ni Mpare, na sijawahi kumaliza wiki bila Mchaga mmoja kunichokoza. Lakini kwangu utani ulikuwa mambo ya harusini na misibani. Sikuwahi kufikiri kwamba unaweza kuonekana kwenye damu.

"Mama Otilia, kwa nini hakumsikiliza mke wake?"

"Mke akisema, ni dharau. Mtoto akisema, hana adabu. Daktari akisema, ni kazi yake hiyo. Mimi nikisema, hawezi kukasirika. Akikasirika amevunja utani, na hiyo ni aibu kuliko kuumwa. Kwa hiyo anafanya nini? Anavaa viatu."

Nilitaka kumkumbatia pale pale barabarani. Miaka ya kazi, mabilioni ya vipimo, na jibu lilikuwa limevaa ovaroli!

"Na Mawela?" nikauliza.

Uso wake ulibadilika. "Mawela hatuendi tena. Yuko mzee wangu kule, Gervas Komba, alikuwa mwalimu mkuu. Huyo ndiye mtani wangu hasa, tumetukanana tangu niko msichana. Siku hizi nikifika getini kwake mlango unajifunga, na kikuku changu kinaniambia kwa heshima nipite upande wa pili. Nikipiga simu haiiti. Nimeshakwenda mara nyingi, mwanangu. Mpaka lini?"

3

Kilichoufunga mlango ule kilikuwa na jina, na jina hilo sote maabara tulijivunia: Ngao.

Ngao ilikuwa zawadi. Wakati mji ulipoanza, Mawela walionekana wanaumwa zaidi kidogo kuliko wenzao, kwa hiyo wakapewa wao kwanza. Kikuku chenye Ngao kikiona mara tatu kwamba damu yako inapanda kila mtu fulani akikukaribia au akikupigia simu, kinamweka mtu huyo kando: simu zake, mlango, hata njia. Hakikuulizi. Kilitengenezwa hivyo makusudi, kwa sababu anayeteswa mara nyingi huogopa kusema anayemtesa ni nani. Tuliwapa zawadi walioumwa kidogo, na zawadi ikawafanya waumwe sana. Nilipolielewa hilo nilikaa chini kwenye ukingo wa barabara.

Halafu nikaenda kwa Mzee Komba. Mimi mlango ulinifungukia. Damu yake haikuwa na sababu ya kunipandia.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, keti."

Alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi na sweta juu yake, kana kwamba anasubiri kengele ya mstarini. Sebule ilikuwa safi na kimya. Nilimuuliza hali.

"Sijambo kabisa."

Kikuku chake kilikuwa kinawaka rangi ya chungwa. Nilikionyesha kwa kidole. "Kinasema presha yako imepanda, Mzee."

"Kinasema kila siku. Nimeshakizoea." Alishusha mkono wa sweta ukakifunika.

Nilimuuliza kama watu humtembelea. Alipojibu aliangalia ukutani, kwenye picha ya marehemu mke wake.

"Wahehe wamenisusa," alisema. "Mke wangu alipofariki, nilikaa pale nikawasubiri. Waje wagaegae chini, waigize kilio changu, waniulize nilimlisha nini mpaka akafa. Hawakuja. Watu wote walinipa pole kwa adabu. Adabu tupu, mwanangu, tangu matanga yanaanza mpaka yanaisha. Nilidhani nitapasuka."

Nilimwambia hawakumsusa, ni mlango wake uliowazuia. Alitikisa kichwa kwa upole, vile mwalimu anavyomtikisia mwanafunzi aliyejitahidi. "Mtu akitaka kuja, anakuja."

"Basi tuandike jina la Mama Otilia kwenye kikuku, tukiambie kimruhusu."

"Nimwalike mtu aje kunitukana?" Kwa mara ya kwanza alikaribia kutabasamu. "Mtani akialikwa ni mgeni. Nitamchemshia chai, atanisalimia, ataulizia watoto, ataondoka. Hapana. Acha tu."

4

Nilirudi maabara mbio. Nilieleza kila kitu nikiwa nimesimama, mikono hewani, na vijana wa kompyuta wakagonga meza kwa shangwe. Hata Profesa alisema "Safi sana" mara mbili.

"Tuizime Ngao leo hii!" nikasema.

"Msiizime."

Aliyesema ni Riziki, muuguzi wa zahanati ya Mawela, aliyekuja kutuletea vipimo vya wiki. Hakupandisha sauti. "Aliyekuwa mume wangu anaishi mitaa hii hii. Tangu nivae hiki," akagusa kikuku chake, "hajafika mlangoni kwangu. Mkizima leo, mtakuja kuniaga mochwari."

Shangwe ilikatika. Tuliketi tukajaribu njia nyingine ndani ya Pacha. Tukaiambia Ngao iwe na subira, isubiri ione kama damu itatulia mgeni akishaondoka. Kivuli kimoja cha mwanamke kiliumizwa kabla subira haijaisha, halafu kingine, na Riziki akageuka asiangalie. Damu ya mtu anayetaniwa na damu ya mtu anayetishwa hupanda sawasawa. Kwa kuangalia damu peke yake, mashine haiwezi kuwatofautisha.

"Basi tuiambie nani ni mtani wa nani," alisema Profesa.

Nilimwelewa kabla hajamaliza. Ili mashine ijue watani, ijue makabila. Na nchi hii haihesabu makabila. Hakuna fomu inayokuuliza, hakuna kitambulisho kinachokuandika. Tunajuana wenyewe, kwa majina na lafudhi na uchokozi, na serikali imeamua tangu enzi za mababu zetu kwamba haitaki kujua. Ni katika mambo machache ambayo sisi sote, hata tukigombana juu ya kila kitu kingine, hatujawahi kuyagombania.

"Hatuna data hiyo," nikasema.

"Pacha anaweza kukisia. Majina ya ukoo, nani anamzika nani, nani anakwenda kwa nani sikukuu." Profesa aliandika amri fupi. Vivuli vikarudishiwa majina yao, na pembeni ya kila jina safu mpya ikaanza kujaa. Kabla sijakaa vizuri ilikuwa imejaa mji mzima. Nilitafuta jina langu. *Mshana, Nakiete. Mpare, asilimia tisini na saba.*

Sikuwa nimemficha mtu yeyote Upare wangu. Lakini kuuona pale, umeandikwa na kitu ambacho sikukiambia, kulinifanya nitake kufunika skrini kwa mikono.

"Tutaifunga," alisema Profesa. "Itatumika kwa utani tu."

"Leo. Na mwaka wa uchaguzi? Na siku ya kugawa nyumba za kampuni? Siku mwenye chuki akikalia kiti hiki, atakuta kazi imeshafanywa, tena na sisi, tena kwa nia njema."

"Nakiete." Alivua miwani. "Unamwogopa mtu asiyekuwepo, na gharama analipa mtu aliyepo. Huyo mzee wako anaweza kuanguka kesho. Tukituma jedwali hili, mlango wake unafunguka kesho."

Hilo lilinichoma, kwa sababu lilikuwa kweli. Kesho yake saa tatu asubuhi wizara ya afya ingeingia mtandaoni kupokea jedwali, na kulituma kulihitaji vidole viwili: chake na changu. Kulifuta pia.

"Kalifikirie," akasema. "Nitakuwa na tableti yangu. Kidole changu kipo."

5

Nililala vibaya, nikaamshwa na simu ya Riziki. Kikuku cha Mzee Komba kilikuwa kimetoka rangi ya chungwa kikawa chekundu tangu alfajiri. Zahanati imempigia, amesema hajambo. Wamemtumia mtu, amempa chai akamrudisha.

Nilimpigia Otilia nikiwa njiani. Alinikuta kwenye ukingo wa barabara inayotenga mitaa miwili, ovaroli yake ikiwa haijafungwa vifungo vyote, na pale pale nikamweleza yote: Ngao, Riziki, jedwali, wizara. Nilimwonyesha simu yangu, ombi la kidole likisubiri kwenye kioo.

"Yaani," alisema polepole, "mashine iniandike kwanza Mhehe, ndipo niruhusiwe kumtukana mtu wangu?"

"Ndiyo."

"Na usipoweka kidole, hanioni."

"Ndiyo."

Alitazama upande wa pili, kwenye nyumba ya Mzee Komba. "Kinachonifungia ni hicho kikuku cha mkononi mwake?"

"Hicho. Lakini hawezi kukivua. Ni mtu wa sheria, unamjua."

"Nani kasema akivue yeye? Mwanangu, mtani anachukua. Nikitaka kofia yake nachukua. Kuku wake nachukua. Msibani tunakalia jeneza lenyewe mpaka likombolewe kwa pesa, na hakuna anayetuita wezi."

"Kumvua mtu kikuku ni kosa, Mama. Polisi."

"Nani atanishtaki? Gervas? Mngoni mzima aende kituoni akaseme kaporwa na Mhehe?" Alianza kucheka mwenyewe. "Nenda kamtoe nje."

Nataka nieleweke hapa. Sikuwa na uhakika wa chochote. Akivuliwa kikuku, zahanati haimwoni tena. Akianguka dakika hiyo, hakuna atakayejulishwa. Kidole changu kilikuwa karibu na kioo kuliko nilivyokuwa karibu na mlango wa Mzee Komba. Kugusa mara moja, na mlango ungefunguka kihalali, kwa amani, na nchi nzima ingepata jedwali lake la kwanza. Niliogopa vyote viwili. Nikaitia simu mfukoni, nikavuka.

Mzee Komba alitoka kwa sababu nilimwomba anionyeshe njia ya kwenda shuleni, na mwalimu hawezi kukataa ombi kama hilo. Alikuwa amevaa sweta lake. Tulifika getini, tukakanyaga lami, na Otilia akaanza kuja.

Kikuku cha mzee kililia kwanza. Halafu cha Otilia. Taa ya barabarani ikawaka mchana kweupe, na sauti laini ya kike ikasema, "Tafadhali, pita upande wa pili." Otilia hakupita. Ikasema tena. Mzee Komba aliinua macho, akamwona, akasimama kama aliyeona mfu.

"Kumbe bado unapumua!" Otilia alinguruma. "Kijiji kizima kinasubiri pilau la msiba wako, wewe umejifungia ndani unakula peke yako!"

Alimfikia, akamkamata mkono, akabonyeza pini ya kikuku, akakivuta, akarudi nyuma hatua mbili akikipeperusha juu ya kichwa. Sauti laini ilikatika katikati ya neno.

Nilidhani Mzee Komba atalia. Kisha kitu kilichokuwa kimebanwa kifuani mwake kwa muda mrefu kikafunguka.

"Mwizi!" alipaaza sauti. "Mwizi wa Kihehe! Mmenipora mifugo, sasa mnapora vyuma! Nyie watu mtashiba lini?" Na akacheka. Alicheka kwa mwili mzima, ameinama, na watu wakaanza kutoka majumbani, na mimi nikawa nacheka na kulia kwa pamoja bila kuona haya.

Otilia peke yake alikuwa ameacha kucheka.

"Cheka tena," alisema.

"Ondoka hapa, mwizi we."

"Gervas. Cheka tena." Alimsogelea, akamshika kidevu kama mtoto. "Umecheka upande mmoja."

Nilitazama. Shavu la kushoto la Mzee Komba lilikuwa limelala. Ndani ya sebule yake safi, kwenye adabu yake yote, uso ule usingecheka, na nani angejua?

"Inua mikono. Yote! Mngoni gani huyu ana mkono mmoja? Mvivu mkubwa!" Tusi lilitoka, lakini macho yake yalikuwa yananiangalia mimi, yamejaa hofu. "Twende zahanati."

"Sina ki..."

"Nimekuuliza?" akafoka, na sauti ikamkatika. "Nimekuuliza, Gervas?"

Mzee Komba alimtazama. Kisha akaegemea bega lake, akaanza kutembea.

6

Riziki alimchoma sindano ya kuyeyusha damu iliyoganda ndani ya muda wake. Alitoka chumbani akajiegemeza ukutani, akasema neno moja, "Tumewahi," na mimi nikamrukia shingoni. Kikuku chake kilikuwa pale pale mkononi mwake. Hakuna aliyekigusa, na hakuna ambaye angekigusa.

Nje, habari ilikuwa imeshavuka barabara. Wahandisi wa zamu ya asubuhi walikuwa wakiingia Mawela kwa makundi, na kila baada ya muda mfupi lilisikika tusi, kisha kelele za "Mwizi!", kisha vicheko. Maabara walinipigia simu kunieleza kwamba Pacha anapoteza watu wa Mawela, mmoja mmoja, na kuniuliza nini kinaendelea.

Profesa Kaijage aliingia saa tatu ikikaribia, tableti mkononi. Alikuwa ametembea haraka, na sikuwahi kumwona ametembea haraka. Nilimweleza. Alimwangalia Otilia aliyekuwa amekaa mlangoni mwa chumba cha mgonjwa, kikuku cha Mzee Komba amekivaa yeye.

"Nashukuru kwa huyu mmoja," alisema. "Lakini huwezi kuendesha afya ya mji kwa kuporana, Nakiete. Mimi nahitaji kitu cha kuiambia wizara. Jedwali ni kitu. Weka kidole."

Nilichukua tableti yake, nikatafuta jina lake, nikamrudishia. *Kaijage, Deogratias. Mhaya, asilimia tisini na sita. Watani: hakuna.*

Alisoma. Alisoma tena.

"Hii si kweli," akasema. "Nina binamu yangu Muleba. Mtoto wa shangazi. Huyo ndiye mtani wangu, tangu tukiwa wadogo. Aliniita Twiga mbele ya wakwe zangu." "Haimwoni, kwa sababu ni Mhaya mwenzangu."

"Anakuja huku?" nikauliza.

"Alikuwa anapiga simu kila Jumapili. Ameacha. Nilidhani labda..." Macho yake yalishuka kwenye kikuku chake mwenyewe. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza Mawela kuvaa Ngao, mbele ya kamera, ili watu wasiogope.

Kisha akamwendea Otilia na kumnyooshea mkono, kikuku juu, kama mtoto anayetaka kufunguliwa kifungo.

Otilia alikitazama. Nilimwona anatamani. "Siwezi, Profesa," alisema kwa upole. "Wewe si mtani wangu."

Basi alikivua mwenyewe. Hakuijua pini, na hatukumsaidia. Alikiweka juu ya dawati la wauguzi, akatoa simu, akatafuta jina, akapiga. Iliita. Iliita tena. Na sauti iliyotoka ilisikika wodi nzima, bila hata spika:

"Wewe Twiga! Kumbe uko hai! Mashamba yako nimeshayagawa, na mke nilishamtafutia mume!"

Profesa Kaijage alifungua mdomo ajibu, ajibu tusi kwa tusi kama inavyotakiwa, akashindwa. Machozi yalikuwa yanamtiririka chini ya miwani. Alinisogezea tableti kwa mkono uliobaki, akaweka kidole chake kwenye neno *Futa*, akanisubiri. Nikaweka changu. Mji mzima, jina kwa jina, ukarudi kuwa watu ambao mashine haijui ni wa wapi.

Wizara ilipoingia mtandaoni saa tatu kamili, ilitukuta hatuna jedwali, na Profesa bado yuko kwenye simu, anatukanwa.